Kizito Mbele, Chepesi Nyuma

Juzi sokoni mjini Baraka, mama mmoja anayeuza nguo za balo, yaani mitumba, alivuta kitu kutoka chini kabisa ya lundo lake, akakikunjua juani ili wateja wakione. Ilikuwa hema ndogo, ya wale watu wanaolala nje kwa kupenda. Harufu ikatoka: plastiki iliyokaa juani, majani makavu, na kitu kidogo kama petroli. Nilikuwa na ndakala zangu, vidagaa vikavu, kwenye kikapu. Sikuuliza bei, nilisimama tu, mpaka yule mama akaniambia, "We mama, kama haununue, usinifungie njia ya bakliya." Alikuwa na haki, wateja walikuwa wanasukumana nyuma yangu. Nikaondoka. Lakini harufu ile ilinifuata mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo najaribu kuandika habari hii, nafuta, naanza tena. Sikusoma sana. Na naogopa kumwonea mtu, hasa wale waliokwisha kufa, maana hawawezi kunijibu.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege. Nikisema kiwanja, msifikirie lami. Kilikuwa kipande kirefu cha majani, upande wa Lulimba, kilichokatwa na watu wa zamani kwa kazi zao za zamani. Baba alifyeka, alijaza mashimo ya panya, alibomoa vichuguu vya mchwa ambavyo vilijengwa tena kama vile mchwa walikuwa wanalipwa, na alifukuza ng'ombe. Nyumba yetu ilikuwa pembeni. Tulikuwa baba, mama, mimi, mdogo wangu Sadiki aliyekuwa bado anajifunza kukimbia bila kuanguka, na Koko, yaani nyanya yangu, mama mzazi wa baba.

Kila kiangazi, majani yakikauka, ndege moja ndogo ilishuka pale. Haikuwa ya kampuni wala ya misheni. Ilikuwa ya watu wawili, mzungu na mke wake, kama mtu mwingine anavyokuwa na pikipiki. Yeye tulimwita Bwana Ndege. Mke wake alikuwa Madame tu. Walikuja kutafuta vipepeo vya mlimani, na hilo pekee lilitosha kuchekesha kijiji kizima. Walifunga ndege yao kwa kamba na vigingi kama mbuzi, wakaizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasijikune kwenye mabawa, kisha wakasimamisha hema chini ya bawa moja na kulala humo. Mama aliwafulia na kuwachemshia maji.

Mimi niliwahurumia sana. Watoto wa kwetu tulijua hema ni nini. Hema ni kitu cha watu waliofukuzwa. Tuliwahi kupita Lusenda, tukaona Warundi wamejipanga chini ya mahema meupe, na baba alisema, "Bale bote balikuwa na nyumba." Kwa hiyo nilipoona wazungu wawili wanakunjua hema, nilijua kwamba kwao kuna vita. Niliona tu ajabu kwamba wamekimbia wawili peke yao, na kwamba kila mwaka vita yao inaanza tena mwezi uleule.

Koko alikuwa na mawazo hayohayo, ndiyo maana sikuyaacha upesi.

"Mutu hatoke kwake na kitanda bure," aliniambia. "Kuko kintu kinabafukuza."

"Nani, Koko?"

"Benyewe banajua. Mukimbizi hasemake yote."

Mama alicheka mpaka akaweka chini nguo alizokuwa anakamua. "Mama, bale beko mu congé! Banapumuzika!"

"Congé gani ya kulala inje na nyoka?" Koko akajibu. "We uko na akili ya masomo. Mi niko na macho."

Siku moja niliwapelekea muhogo wa kuchemsha kwenye sahani, nikamwambia Madame pole. Aliuliza pole ya nini. Nikasema, pole ya nyumba yako. Sijui alielewa nini. Alikula muhogo wote mbele yangu, akanipa biskuti. Koko aliposikia, akapiga makofi mara moja: "Unaona? Njaa."

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kuwaona wakipakia. Madame alikuwa na mizani ndogo yenye ndoano, na mizani nyingine ya kukanyaga, ya watu. Hakuna kitu kilichoingia ndani ya ndege bila kupimwa. Alinipa birika lao nilishike, nikaruka nikidhani limevunjika, kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Vitanda vyao vilikuwa vitambaa na vijiti vinavyoingiliana. Godoro lilikuwa hewa tu. Ulilifungua kifuniko, ukalipigia magoti, likatoa pumzi, likawa dogo kama mkate. Hapakuwa na sanduku wala chupa, kila kitu kilikaa ndani ya mifuko laini, ili kiingie pembeni palipobaki nafasi. Mchele aliutoa kwenye karatasi zake. Mito ya kulalia haikuwepo: nguo za kesho ziliingizwa ndani ya foronya, na hizo ndizo zilikuwa mito.

"Kizito mbele, chepesi nyuma," Madame alisema kwa Kiswahili chake cha kitabu, akinionyesha mkia wa ndege. "Nyuma kukiwa na kitu kizito, ndege inakaa chini kama kuku. Haitaki kuruka."

Niliimba maneno hayo nikienda kuchota maji.

Koko alikuja kutazama akiwa amefunga mikono nyuma. Alitazama kama fundi anayemwangalia fundi mwingine, maana naye alikuwa amepakia sana katika maisha yake. Katika kukimbia vita kuna utaratibu: sufuria kwanza, chumvi, unga, jembe bila mpini kwa sababu mpini utakatwa popote, kitenge cha kumbebea mtoto. Hivyo vitano ukiwa navyo unaweza kuanza dunia upya. Aliangalia birika jepesi, aliangalia godoro la hewa, akanishika bega.

"Hana unga," alininong'oneza kwa hofu ya kweli. "Hana jembe. Ule mwanamuke atafisha bwana yake njaa."

Baadaye, nilipokwisha kukua, mama aliniambia jambo ambalo Koko hakulisema kamwe. Zamani, katika kukimbia kwao mara ya kwanza, babu alimwambia aache mzigo, watarudi kesho. Hawakurudi kesho. Binti yao, shangazi ambaye mimi sikumwona, aliishia njiani kuelekea Kazimia kwa kukosa hata uji. Ninaliandika hapa kabla ya mengine, ili anayesoma awe nalo tayari.

Kiangazi ninachokisema, Sadiki alipata homa. Homa kwetu si habari. Lakini hii haikushuka, na siku ya soko viganja vyake vilikuwa vyeupe kama tumbo la samaki. Alikuwa hata halii tena. Mama alimpeleka kwa muuguzi wa kijiji, naye akamfunua jicho, akamfunika.

"Damu imeisha mu huyu mutoto," alisema. "Mi sina ya kumutia. Mumupeleke Baraka. Leo, mama, si kesho."

Barabara ilikuwa imefungwa. Watu wa bunduki walikuwa wameweka kizuizi upande wa mlima, na pikipiki zote zilikuwa zimelala. Nani walikuwa watu hao, kila mtu ana jibu lake, mimi sina. Mama alirudi mbio na kupita nyumba yetu bila kuingia, akaenda moja kwa moja chini ya bawa.

Sitaki kusahau jinsi wale watu wawili walivyofanya. Bwana Ndege hakuuliza hata swali moja. Alimwangalia Sadiki, akaangalia jua, na jua lilikuwa juu tayari. Uso wake haukulipenda. Alirusha majani makavu hewani kuona upepo. Kisha wote wawili wakaanza kutoa vitu: vitanda, birika, godoro, mifuko ya mchele, nyavu za vipepeo, kila kitu walichokuwa wamekipima na kukikunja, wakakitupa kwenye majani kama takataka. Bwana Ndege alitoa hata petroli kiasi, akaimimina kwenye bidoni, dumu la plastiki. Madame akasema, "Mimi nabaki." Alivua koti lake, akamfunika Sadiki.

Mama alisimama juu ya mizani ya kukanyaga akiwa na Sadiki mgongoni. Bwana Ndege alisoma, midomo ikihesabu, akatikisa kichwa kwamba inatosha. Hapo ndipo Koko akafika na furushi.

"Koko, tafadhali. Mzigo hapana," Bwana Ndege akasema.

"Ku hospitali bagonjwa banakulaka nini?"

"Watapewa chakula."

"Nani atabapa?"

Hapa wote wawili walikuwa na haki. Anayeijua hospitali ya kwetu anajua kwamba mgonjwa hula alichopika ndugu yake uani, kwa sufuria yake na makaa yake. Bwana Ndege alitoka mahali ambapo hospitali hupika. Alisema, "Nitawanunulia mimi mwenyewe. Naahidi." Naamini alimaanisha. Koko naye alikuwa amesikia ahadi nyingine, miaka mingi nyuma, kuhusu kesho.

"Basi blanketi," Koko akasema. "Mutoto atasikia baridi kule juu."

"Blanketi moja, sawa. Iweke nyuma." Akageuka kwenye mashine yake.

Koko aliingia ndani na kutoka na blanketi imeviringishwa, imefungwa kwa ukanda wa kitenge, kichwani. Aliishika kwa mkono mmoja. Alitembea wima, haraka, kama msichana aliyebeba kikapu kitupu. Huyu alikuwa mwanamke aliyeteremsha muhogo mbichi kutoka mlimani tangu alipovunja ungo. Shingo yake haikujua kusema uongo wala ukweli kuhusu uzito. Aliiingiza mwenyewe, akaisukuma mpaka mwisho, mkiani.

Ng'ombe walikuwa wameshuka na wenye mifugo, watu wa juu mlimani wanaosema Kinyarwanda. Kijana mchungaji hakungoja kuombwa. Alisimama na baba, fimbo zimeenea, wakawazuia pembeni. Ndege ikakimbia. Nilijua mahali ambapo huwa inaruka, karibu na mpera. Ilifika kwenye mpera. Ilipita mpera. Pua ikainuka, mkia ukabaki chini, ikayumba, ikashuka tena, ikaendelea kukimbia ardhini na kiwanja kikaisha. Tulisikia mashine ikinyamaza, kisha mlio kama mtu anayevunja kuni. Vumbi.

Madame alikimbia bila viatu. Sisi nyuma yake.

Hakuna aliyeumia. Gurudumu moja lilikuwa limegonga kichuguu nje ya kiwanja, mahali ambapo si kazi ya baba. Mama alikuwa ameketi ndani, Sadiki mgongoni bado amelala. Bwana Ndege alimsaidia kushuka. Kisha akaenda nyuma, akashika blanketi kwa mkono mmoja aivute. Haikuja. Akaivuta kwa mikono miwili. Ikaanguka kwenye majani na ukanda wa kitenge ukafunguka.

Unga. Sufuria ya chuma. Makaa ndani ya mfuko. Chumvi, kibidoni cha mawese. Na jembe bila mpini. Hata leo jembe ndilo linanishinda. Alikuwa anampeleka mjukuu wake hospitali, na akawapakia jembe, kama kule wangebaki na kulima.

Bwana Ndege alimwangalia Koko. Sikuona hasira, lakini nilikuwa mtoto, na watoto wanajua hasira za kwao tu. Watu wa kijiji walikuwa wanakuja mbio, sauti zao zimeshakaribia. Aliinama, akafunika vile vitu vyote kwa blanketi, akaviweka nyuma ya kichuguu. Walioona tulikuwa sisi: baba, mama, Madame, Koko na mimi.

Alitengeneza gurudumu jua lote. Baba na yule mchungaji walimsaidia kuinua bawa kwa mabega. Mchungaji alileta maziwa, Sadiki hakuyameza. Gurudumu lilipozunguka tena, jua lilikuwa limeingia nyuma ya milima, na Baraka hapakuwa na taa za kushukia.

Asubuhi ilikuwa baridi, umande, upepo mzuri. Hata mimi nilijua ni asubuhi ya kuruka. Bwana Ndege aliwasha mashine mapema, mlango wazi. Mama akatoka ndani ya nyumba. Kitenge cha kumbebea Sadiki kilikuwa kwenye bega lake, na mgongo wake ulikuwa mtupu. Alimpungia mkono, polepole, mara mbili, kama anavyofukuza kuku kwenye mtama. Mashine ikazimwa.

Tulimzika siku ileile. Watu wa matanga walikuja, na nyumbani hapakuwa na kitu, kwa hiyo unga ule ukapikwa, kwa sufuria ile. Koko alisonga ugali mwenyewe. Hakula.

Chefu wa kijiji alikuja na wazee wake, akamwita Bwana Ndege mbele ya watu wote. Alimwuliza kwa heshima, maana alikuwa mtu wa heshima: ndege inayoruka kila mwaka, kwa nini siku ya mtoto imekataa?

Koko alikuwa ameketi chini kati ya wamama. Niliona mikono yake inashika majani. Mama naye alimtazama Bwana Ndege, na sijui macho yake yalisema nini.

"Ni mashine," Bwana Ndege akasema. "Mashine ilikuwa na ubaya. Rubani ni mimi, kosa ni langu."

Kelele zikapanda.

"Ndege mubovu!"

"Anakuya kufata vipepeo, anajaribisha ndege ku batoto betu!"

"Bende! Bende na mahema yabo!"

Mtu alirusha bonge la udongo, likampata Madame kifuani. Chefu alikataza, lazima niseme alikataza. Lakini walikunja vitu vyao bila kupima, wakavisukuma ndani ovyo, wakaondoka, na hakuna aliyewapungia mkono isipokuwa yule mchungaji wa ng'ombe. Kiangazi kilichofuata hawakuja, wala kingine. Majani yalimshinda baba, au baba aliyaachia. Kuna mwanamke wa ng'ambo ya mto, mtoto alikataa kutoka tumboni, watu wakakaa wakitazama mbinguni kwa mazoea, kama vile ndege bado ingeshuka. Labda ndege isingekuja hata hivyo, maana vita iliongezeka. Siwezi kuapa.

Niliwahi kumwuliza mtu anayejua mambo ya ndege. Nilimweleza kama ni habari ya watu wengine. Alisema uzito ule mkiani ungeweza kufanya vile. Alisema pia joto la mchana linaweza kufanya vilevile, na majani marefu, na kwamba rubani hupaswa kushika kila kitu kwa mkono wake kabla ya kuondoka. Kwa hiyo nimebaki na vyote. Na damu Baraka, ingekuwepo? Muuguzi alisema itiwe, hakusema ipo. Siku nyingine nampa Koko sehemu kubwa ya kosa, siku nyingine nampa yule mzungu, siku nyingine wenye kizuizi, na hakuna siku hesabu inatoka sawa.

Siku chache baada ya matanga nilimkuta mama jikoni anapasha maji. Koko alikuwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, ameelekea ukuta. Nilikuwa na kitu kinanichoma, nikakitoa.

"Mama, mbona haukusema? Yule muzungu banamutukana bure."

Mama alisukuma kuni ndani.

"Mi nilikuwa na mudomo," akasema. "Nilifungula, nikaona nitasema nini. Yule atapata kiwanja ingine ya kushukia. Mi mama-mkwe niko naye huyu mumoja."

"Lakini Sadiki..."

"Nyamaza, mama yangu. Sadiki ni wangu. Hapana nifundishe."

Alimimina maji kwenye ndoo, akaongeza ya baridi kidogo, akayakoroga. Akaingiza kiwiko chake ndani, kama alivyokuwa akimfanyia Sadiki kabla ya kumwogesha, akangoja kidogo, akaona yanafaa.

"Mupelekee Koko aoge," akasema. "Na umusugue mugongo. Hafikie peke yake."